Taa za Krismasi zifuate kwaya: waya upi uende kwenye kompyuta?

Swali: Shikamoo kaka fundi. Niko Kitangiri, Mwanza. Vijana wa kigango chetu tumechanga tukanunua nyuzi nne za taa za LED pale mjini, zile zenye kijiboksi chenye kitufe cha kubadilisha mitindo 8. Mwaka huu tunataka ziwake na kuzima zikifuata nyimbo za kwaya, kompyuta ndiyo iongoze. Nina laptop, na rafiki ameniachia bodi ya Arduino Uno. Nikikata waya wa kijiboksi, ni upi nauunganisha na USB? Na programu ya bure ipo? Kanisa letu liko mlimani, kwenye mawe.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hilo la waya kwa sababu lina hatari. Hakuna waya hata mmoja wa kijiboksi hicho unaotakiwa kugusa laptop, Arduino, wala mkono wako wakati plagi iko kwenye soketi. Usikate chochote kwanza. Nenda ukaitazame plagi.

Taa za Krismasi za madukani ni za namna tatu, na macho yanatosha kuzitofautisha. Kama waya unatoka kwenye plagi nyembamba ya pini mbili, unaingia kwenye kijiboksi kidogo cha plastiki, kisha taa zinaanza, hizo zinatumia volti 230 zilezile za TANESCO. Kama plagi yenyewe ni adapta nene iliyoandikwa 24V au 31V, hizo ni za umeme mdogo. Za tatu zina waya mwembamba wa shaba uliokaribia uzi wa kushonea, nazo huwaka kwa betri au USB. Kwa ulivyoeleza, nina hakika karibu yote kwamba mmenunua za kwanza.

Ndani ya kijiboksi cha namna hiyo ya kwanza hamna transfoma. Mna dayodi nne za kugeuza AC (umeme wa ukutani) kuwa DC (umeme kama wa betri), chipu ndogo yenye mitindo 8, na thairista chache zinazowasha na kuzima makundi ya taa. LED moja nyeupe au ya buluu inahitaji kama volti 3, kwa hiyo kiwandani wanazipanga kwa mfululizo, makumi kwa makumi, hadi jumla yake iukaribie umeme wa ukutani, kisha rezista inabeba kilichobaki. Ni njia ya bei rahisi na inafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba hakuna kinachoutenga uzi huo na laini ya umeme. Taa iliyozimwa kwa kitufe inaweza bado kuwa na fezi, yaani ule waya wenye umeme, na kilele cha umeme huo ukishageuzwa kuwa DC ni karibu volti 325. USB ya laptop, kwa tundu la kawaida la USB 2.0, inatoa volti 5 na nusu ampea tu. Vikikutana viwili hivyo laptop inaungua, na aliyeishika anaweza kufa.

Basi katika kazi yote hii gawa vitu pande mbili tangu mwanzo. Kompyuta ibaki upande wa amri. Umeme unaowasha taa utoke upande wa nguvu, kwenye chanzo chake wenyewe. Kati ya pande hizo pawe na kifaa kinachopitisha amri bila kupitisha umeme mkubwa. Vijana wengi wanaoniandikia huanza kutafuta programu, ilhali programu ni za bure na zimekamilika miaka mingi. Kinachoharibu maonyesho, na kinachoua watu, ni upande wa nguvu. Ndiyo maana nitakaa huko muda mrefu zaidi.

Tuanze na mlichonacho. Uzi wa volti 230 unaweza kuwashwa na kuzimwa mzima mzima kwa rilei, yaani swichi inayobonyezwa kwa umeme mdogo. Arduino inatoa amri ya volti 5, rilei inakata fezi kabla haijafika kwenye plagi ya taa. Ila usinunue rilei ya kawaida ile inayolia tik-tik. Rilei ya namna hiyo ikikata umeme kwenye mzigo huwa inahesabiwa maisha ya takriban mibonyezo 100,000. Ukiibonyeza mara mbili kwa sekunde kufuata ngoma, kwa saa nne za usiku mmoja umetumia 28,800. Usiku wa nne haumaliziki. Tafuta rilei ya kielektroniki, ile wanayoiita SSR, yenye maandishi ya DC upande wa kuingia na AC upande wa kutoka, na uiweke upande wa plagi. Haina kitu kinachogusana ndani, kwa hiyo haichoki kwa kubonyezwa. Ina tabia moja: inavujisha umeme kidogo hata ikiwa imezima, na LED hazihitaji kingi, hivyo taa zinaweza kubaki zinamulika kwa mbali. Si hitilafu. Balbu moja ndogo ya zamani ikiungwa sambamba na uzi hula uvujaji huo na taa zinazima kabisa.

Kabla hamjatumia hata shilingi kwenye SSR, fanyeni jaribio hili. Bonyezeni kitufe mpaka taa ziwake tuli bila kucheza, chomoeni plagi, hesabuni mpaka kumi, chomekeni tena. Vijiboksi vingi vikipoteza umeme husahau na kurudi kwenye mtindo wa kwanza, ule wa kuchanganya mitindo yote. Kikiwa cha namna hiyo, kila rilei itakapowasha, taa zitaanza kucheza mchezo wake wenyewe na kwaya haitafuatwa. Vikikumbuka, mna bahati: nyuzi nne, sauti nne. Uzi wa soprano, wa alto, wa tena na wa besi, kila mmoja ukiwaka sauti yake inapoingia. Kwa unyenyekevu wake ni onyesho zuri sana, na watu wataelewa bila kuelezwa. Kuunga fezi kwenye hizo SSR afanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, ndani ya boksi linalofungwa. Wewe baki na nyaya za Arduino.

Lakini kama ndoto yenu ni kila taa iwe na rangi yake na mwanga utembee juu ya ukuta wa kanisa, nyuzi hizo hazitafika huko hata mkizifanyia nini. Zitundikeni kwenye mti wa ndani, na mchango unaofuata muuelekeze kwenye taa za pikseli.

Pikseli ni taa yenye chipu yake ndogo. Chipu inayopatikana zaidi inaitwa WS2811, na ndugu yake WS2812B amejengewa ndani ya LED yenyewe. Nyaya ni tatu tu: chanya, hasi na data. Data inaingia taa ya kwanza, nayo inachukua biti 24 za kwake, 8 kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu, halafu inazipitisha zilizobaki kwa jirani. Spidi ni biti 800,000 kwa sekunde, hivyo taa moja inapewa rangi yake kwa sehemu 30 za milioni ya sekunde, na taa 200 zinamalizika kwa milisekunde 6. Jicho halioni foleni hiyo. Kwa ukuta na mvua nawashauri mnunue zile zilizozibwa kwa plastiki ngumu zenye umbo la risasi, za volti 12, zikiwa 50 kwa kila mkufu. Mikufu minne inatosha kuuzungushia mlango mkuu na kupandisha nyota juu ya paa. Usipozipata madukani Mwanza, zinaagizwa Kariakoo na kupakiwa kwenye basi. Utapokea mzigo stendi ya Nyegezi. Agizeni mapema, Desemba kila mtu anasafirisha.

Kwa nini volti 12 na si 5? Hapa chukua kalamu. Kila pikseli ikiwaka nyeupe kamili inakula karibu miliampea 55. Taa 200 ni ampea 11. Tuseme pawa saplai iko ndani ya sakristia na taa ya kwanza iko mita 8 kutoka hapo. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo ni mita 16 za waya. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa kama omu 0.0115 kwa mita, jumla omu 0.18. Zidisha kwa ampea 11: volti 2 zimepotea njiani. Kwa taa za volti 5 zimebaki 3, na LED ya kijani na ya buluu zinahitaji zaidi ya hapo zikishalipia chipu na nyaya nyembamba za mkufu wenyewe. Nyekundu inaridhika na 2. Ndiyo maana ukiomba nyeupe, mwisho wa mkufu unapata rangi ya kutu. Kwa taa za volti 12 zimebaki 10, na mambo yanaendelea bila mtu kugundua. Sikufichi kwamba za volti 12 nyingi zinakula ampea zilezile na kilichozidi kinageuka joto. Mnalipa wati kununua utulivu. Kwa jengo, ni biashara nzuri.

Hesabu ya pawa saplai basi ni ampea 11 mara volti 12, wati 132. Usinunue ya wati 132, kwa sababu vifaa hivi havipendi kubebeshwa zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Chukua ya wati 200. Usipitishe umeme wa taa zote 200 kwenye mkufu wa kwanza. Vuta waya mnene wa pembeni na uingize umeme upya kila baada ya taa 50 hadi 100. Kila tawi lipe fyuzi yake. Fyuzi za gari za ampea 7.5 zinapatikana duka lolote la spea na zinafaa tawi la taa 100. Mkitumia pawa saplai mbili, hasi zake ziungane, chanya zake zisiguse. Hili la hasi ndilo linalosahaulika kuliko yote: hasi ya bodi na hasi ya taa zisipoungana, data haina pa kurudia na taa zitawaka ovyo, rangi zikirukaruka kama zimerogwa.

Sasa mawe yenu. Miamba ya Mwanza ni ya granaiti, na fundi aliyejaribu kupigilia nondo ya ethi Kitangiri, Mabatini au Capri Point anajua inaishia wapi. Nyumba nyingi za mlimani zina waya wa ethi unaoishia kwenye udongo wa kiganja juu ya jiwe. Ethi ya namna hiyo haiwezi kupitisha umeme wa kutosha kuangusha sakitibreka fezi ikigusa chuma cha pawa saplai. Chuma kinabaki na umeme, kimya, mpaka mtoto wa ekaristi akiguse. Kwa hiyo kabla ya taa yoyote, muulizeni fundi kama kanisa lina RCD ya miliampea 30. Hiyo inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikiona tofauti ndogo inakata kwa sehemu ya sekunde, na inafanya kazi hata ethi ikiwa dhaifu. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe kila kabla ya onyesho. Kama haipo, fedha ya mikufu miwili ya mwisho iende huko. Siyumbi kwenye hili.

Desemba ni vuli, na mvua ya ziwani huja na radi. Pawa saplai na bodi zikae ndani ya jengo. Nje zitoke nyaya za volti 12 peke yake. Ikibidi boksi liwe nje, tundu za nyaya ziwe chini, waya ushuke kidogo chini ya tundu kisha upande ndipo uingie, ili maji yadondoke hapo kwenye kona. Silikoni ya kuzibia isiwe ile inayonuka siki: siki hiyo inakula shaba na miezi michache baadaye unakuta maungio ya kijani. Halafu wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kufuata mwanga. Pawa saplai yenye feni itawavuta ndani na kuwarundika juu ya mzunguko mpaka ipate joto. Chukua isiyo na feni. Anayetaka kuona kazi ya kuziba taa iliyo makini aende akaongee na mafundi wa taa za kuvulia dagaa. Taa zao zinakesha juu ya maji na kupigwa na mawimbi.

Umeme ukikatika na kurudi, ule mrudio ndio unaoua vifaa. Kifaa mnachofungia friji, cha kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa kabisa hapa.

Tukija kwenye amri, ile Arduino Uno ingeweza kuwasha pikseli 200, kumbukumbu yake inatosha. Shida ni kwamba wakati inatuma data kwa taa haisikilizi USB, na herufi zinapotea njiani. Ibakizeni kwa kazi ya SSR. Kwa pikseli nunueni bodi ya ESP32, yenye Wi-Fi ndani yake. Ipewe programu ya bure iitwayo WLED, inayosakinishwa kupitia kivinjari cha Chrome kwa waya wa USB. Hakikisha ni waya unaopitisha data, maana nyaya nyingi za chaji hazipitishi, na watu hutumia siku nzima kuilaumu bodi. Ikishawaka inatoa mtandao wake wa WLED-AP, nywila yake ya mwanzo ni wled1234, na ukurasa wake uko kwenye anwani 4.3.2.1. Hapo utaweka idadi ya taa na pini ya data. WLED huanza ikiwa imejiwekea kikomo cha miliampea 850 ili isiunguze chanzo kidogo, kwa hiyo taa 200 zitawaka kwa uvivu mpaka uandike ampea halisi za pawa saplai yako. Ukiomba nyekundu ikaja kijani, badilisha mpangilio wa rangi kutoka GRB kwenda RGB. Taa si mbovu.

Kuna jambo moja la waya upande huu. ESP32 inaongea kwa volti 3.3, na chipu za taa zinataka ishara karibu na volti 5. Wakati mwingine inakubali, halafu inakataa siku ya mkesha. Weka chipu ya 74AHCT125 katikati kuipandisha ishara, rezista ya omu 470 mwanzoni mwa waya wa data, na bodi isikae mbali na taa ya kwanza, mita 2 au 3 ni salama.

Kwenye laptop weka xLights. Ni ya bure. Unaipa wimbo, inauchora kama mawimbi, unaweka alama pale sauti zinapoingia, kisha unachora taa zako juu ya picha ya kanisa na kupanga rangi. Inatuma kwa Wi-Fi kwa lugha ya E1.31, ambayo inapakia chaneli 512 kwa kila fungu. Pikseli moja inakula chaneli 3, kwa hiyo fungu moja linabeba pikseli 170. Mkiona taa ya 171 na kuendelea hazisikii, mmesahau kuongeza fungu la pili. Chagueni kutuma moja kwa moja kwa anwani ya bodi, wala si kwa mtandao mzima. Haihitaji bando: ruta yoyote isiyo na intaneti inatosha, kwa kuwa data haitoki nje ya kanisa. xLights hiyohiyo inaweza kuiamuru Arduino yenu kwa USB, mkiipa programu fupi ya kusoma baiti nne, moja kwa kila sauti.

Na kwaya yenyewe? Kupanga taa kwa sekunde kunafaa wimbo uliorekodiwa. Kwaya hai haiimbi kwa saa. Mwalimu anapunguza mwendo, anarudia kiitikio, na kufikia ubeti wa tatu taa ziko mbele yao. Nyimbo za kabla ya misa zipigwe kutoka laptop na taa zifuate. Kwaya ikisimama kuimba, tayarisha mipangilio sita au saba ndani ya WLED na umpe simu mwanakwaya mmoja anayezijua nyimbo, abadilishe kwa kidole akimtazama mwalimu. Itapendeza kuliko mashine. Ung'avu uwe asilimia 30. Usiku macho hayahitaji zaidi, na taa zenu zitakula karibu wati 40, yaani kwa saa tano ni sehemu ya tano ya uniti moja ya LUKU. Kuwaka na kuzima kusizidi mara tatu kwa sekunde. Kunaweza kumwangusha mwenye kifafa, na kwenye umati wa mkesha hamtajua ni nani.

Vigango vya visiwani, Ukerewe na kwingine, vinavyotegemea sola vinaweza kufanya yote haya kwa betri. Betri ya ampea-saa 100 ikitumika nusu ina wati-saa 600, zinazowasha wati 40 kwa saa 15. Muweke kidhibiti cha kushikilia volti 12, kwa sababu betri ikichajiwa hupanda hadi 14 na zaidi, na fyuzi ikae jirani na betri.

Mkipata mikufu, msipande ngazi bado. Ifungueni yote minne sakafuni, iwasheni nyeupe kwa asilimia 100 kwa nusu saa, pitisheni mkono kwenye maungio kutafuta penye joto, kisha pimeni volti kwenye taa ya 1, ya 100 na ya 200. Niandikie namba hizo tatu pamoja na urefu wa waya kutoka sakristia, nikwambie umeme muuongeze wapi.